Kila Swali Lina Mlango Wake: Namna ya Kuchagua Mtambo wa Kutafutia Habari katika Simu



Mwezi wa Januari mwaka huu mzee mmoja wa skimu alifika ofisini kwetu Ntimaru akiwa na hindi moja mkononi. Alilimenya mbele yangu, akaliweka juu ya meza. Punje zilikuwa chache, nazo zilikuwa zimesinyaa kama meno ya mtoto yanayoota. Akaniambia, "Mwalimu, ekari 2 zote ziko namna hii. Simu imenidanganya."

Nikamwomba anieleze. Alisema kwamba mwezi wa Agosti alichukua simu ya binti yake akaandika maneno haya: mbegu bora ya mahindi. Ukurasa wa kwanza kutokea ulikuwa wa Kiswahili safi, nao ulisifu mbegu za muda mrefu ambazo hukaa shambani zaidi ya miezi 6 na kuzaa mahindi makubwa. Mzee akatafuta mbegu ya namna hiyo, akanunua mbolea kwa fedha za mkopo wa chama, akapanda mwezi wa Septemba. Mvua ikakatika Desemba, na mahindi yalikuwa bado hayajajaza punje.

Tuliufungua ukurasa ule pamoja, tukausoma mpaka mwisho. Haukuwa na uongo hata kidogo. Uliandikwa kwa ajili ya wakulima wa Mbeya, kusini mwa Tanzania, ambako mvua hunyesha msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hivi mpaka kiasi cha Mei. Kwa mtu wa Mbeya shauri lile lilikuwa zuri. Kwa mtu wa Ntimaru anayepanda mvua fupi, lilikuwa hasara. Mzee wetu hakusema anakaa wapi, na simu haikumuuliza.

Kwa sababu hiyo nimeona yafaa somo la mwezi huu liwe juu ya kutafuta habari katika simu: mitambo ya kutafutia ni nini, upi wafaa kwa haja gani, na ni wakati gani haifai kuitegemea. Soma polepole. Ukiwa na mtoto wa shule nyumbani, msomee naye akusaidie kujaribu.

MTAMBO WA KUTAFUTIA NI NINI?

Watu wengi husema, "Nimeuliza Google, Google imesema." Msemo huu si sawa, nao ndio chanzo cha makosa mengi. Google haijui kilimo. Wala haijui mahindi. Kazi yake ni kuonyesha mahali palipoandikwa maneno yanayofanana na yale uliyoyaandika wewe.

Fikiri juu ya masijala ya ofisi ya serikali. Kuna majalada maelfu katika makabati. Karani wa masijala hakuyaandika majalada hayo, na pengine hayaelewi yote, lakini ana daftari linaloonyesha kila jalada liko kabati gani. Ukimwambia "barua za ng'ombe", anatazama daftari lake, anakuletea majalada yenye neno ng'ombe. Kama barua iliyomo ni ya kweli au ya uongo, ya mwaka huu au ya miaka 20 iliyopita, hilo si kazi yake. Ni kazi yako unayesoma.

Mtambo wa kutafutia, ambao wengine huuita injini ya utafutaji, ndio karani huyo. Una programu zinazozunguka mchana na usiku zikisoma kurasa za intaneti na kuziandika katika daftari kubwa. Ukiuliza, mtambo hauendi duniani kutafuta. Hutazama daftari lake tu, kisha hupanga kurasa kwa kadiri unavyodhani zitakufaa. Ukurasa wa kwanza si lazima uwe wa kweli kuliko wa kumi.

Kazi hii si ya zamani sana. Mtambo wa kwanza unaokumbukwa uliitwa Archie, nao ulitengenezwa mwaka 1990 na Alan Emtage, kijana mzaliwa wa Barbados, alipokuwa katika Chuo Kikuu cha McGill huko Kanada. Google ilianzishwa mwaka 1998.

Tena, usichanganye mtambo na kivinjari. Chrome, Firefox na Opera Mini ni vivinjari, yaani vyombo vya kufungulia kurasa. Kivinjari ni kama baiskeli, na mtambo ni mtu unayemwuliza njia. Unaweza kupanda baiskeli ileile na kumwuliza njia mtu mwingine.

MITAMBO ILIYOPO NA TABIA ZAKE

Google ndiyo inayotumika zaidi. Karibu maulizo 9 katika kila 10 duniani hupita kwake. Ina daftari kubwa, huonyesha ramani, na inapata kurasa nyingi za Kiswahili. Lakini hukumbuka uliyouliza, na matangazo ya biashara yamo ndani yake.

Bing ni ya kampuni ya Microsoft, nayo ilianza mwaka 2009. Yafaa kuwa mlango wa pili. Ukiuliza jambo kubwa kwa Google, uliza pia kwa Bing. Majibu yakipishana, ni ishara ya kusimama na kuchunguza.

DuckDuckGo ilianza mwaka 2008. Sehemu kubwa ya majibu yake huyapata kwa Bing, lakini wenyewe wanaahidi kutoweka kumbukumbu ya mambo uliyotafuta. Yafaa kwa mtu anayetumia simu ya jirani au ya familia nzima na ana jambo la siri, kwa mfano ugonjwa au deni. Hata hivyo kumbuka kwamba kivinjari cha simu nacho huweka kumbukumbu yake. Hiyo ni lazima uifute mwenyewe.

Ecosia ilianza mwaka 2009 huko Ujerumani. Hutumia faida yake kupanda miti katika nchi nyingi. Mwenye moyo wa miti anaweza kuitumia kwa maswali ya kawaida.

Yandex ya Urusi na Baidu ya Uchina zafaa zaidi kwa wanaosoma lugha za huko.

Basi, kwa mkulima wa hapa, Google na Bing zatosha kwa maswali mengi. Lakini sikiliza vizuri: kwa mambo yanayoweza kukutia hasara kubwa, usiishie kwa karani. Mwambie karani akupeleke kwa mwenye jalada. Hapa chini nataja haja za kila siku, na mlango wa kila moja.

1. MBEGU

Usiandike "mbegu bora". Hakuna mbegu iliyo bora kila mahali. Mbegu huchaguliwa kwa mwinuko wa nchi, kwa mvua, na kwa miezi inayokaa shambani. Tumia Google au Bing kutafuta orodha ya taifa ya aina za mimea, ambayo hutolewa na KEPHIS, shirika la serikali linalosimamia afya ya mimea na mbegu. Orodha hiyo huonyesha mwenye mbegu, mwinuko unaofaa, na miezi ya kukomaa. Imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mtoto wa sekondari anaweza kukusaidia.

Ukifika dukani, usitafute tena kwa Google kama pakiti ni halali. Pakiti ya mbegu iliyothibitishwa ina kibandiko cha KEPHIS. Kikwangue, upate nambari, uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 1393. Fanya hivyo ukiwa bado mbele ya mwenye duka, kabla hujatoa fedha.

2. WADUDU, MAGONJWA NA DAWA

Hapa picha inafaa kuliko maneno. Katika kisanduku cha Google kuna alama ya kamera, inaitwa Lens. Ukipiga picha ya jani, hukuletea picha zinazofanana nalo. Kwa mdudu anayeonekana wazi, husaidia. Lakini kufanana si kuwa kitu kimoja. Jani la hindi lenye manjano laweza kuwa na njaa ya mbolea, na laweza kuwa na ugonjwa hatari wa mahindi ulioonekana Kenya mara ya kwanza mwaka 2011 katika Bomet, unaoitwa kwa kifupi MLN. Njaa ya mbolea hutibiwa kwa mbolea. MLN ni ya virusi, nayo haina dawa ya kupulizia inayoiponya. Dawa yake ni kung'oa mimea iliyoshikwa, kubadilisha zao lisilo la jamii ya nafaka, na kupanda mbegu zinazostahimili. Ukurasa ukikuuzia chupa ya kuiponya, ufunge.

Kwa muhogo, na kwa viwavijeshi vamizi walioingia Kenya mwaka 2017, kuna programu ya simu iitwayo PlantVillage Nuru. Ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na FAO na mashirika mengine. Ukishaiweka katika simu, huchunguza majani hata mahali pasipo na mtandao, nayo husema Kiswahili.

Kwa jina la dawa, mlango ni mmoja tu: Bodi ya kusimamia dawa za wadudu, yaani PCPB. Ndiyo yenye orodha ya dawa zilizosajiliwa Kenya. Chupa halali ina nambari inayoanza na PCPB(CR). Hapa kwetu mpakani jambo hili ni zito, kwa sababu Kiswahili ni cha nchi mbili. Ukurasa unaweza kusifu dawa iliyosajiliwa Tanzania, nawe usiikute katika orodha ya Kenya. Tena kuna kurasa za zamani zinazosifu sumu ambazo zimekomeshwa. Endosulfan, kwa mfano, iliingizwa mwaka 2011 katika Mkataba wa Stockholm wa sumu za kuondolewa duniani. Ukurasa wa mwaka 2005 unaoisifu waweza kuwa ungali upo. Intaneti haichomi majalada yake ya zamani.

3. MVUA NA HALI YA HEWA

Ukiandika "hali ya hewa leo", mtambo unaweza kukupa habari za Nairobi au za mji wa Migori. Ntimaru ni nchi ya juu. Mvua yetu si mvua ya pwani ya ziwa. Andika jina la mahali: Ntimaru, Kegonga au Kehancha. Kwa habari ya leo na kesho, mtambo watosha. Kwa kuamua tarehe ya kupanda, nenda kwa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ambayo hutoa utabiri wa msimu kabla ya mvua ndefu na kabla ya mvua fupi, pamoja na maelezo ya kaunti.

4. BEI ZA SOKO

Mtambo ni mshauri mbaya wa bei, maana daftari lake laweza kuwa la wiki iliyopita au la mwaka jana. Tena ukiandika kwa Kiswahili "bei ya mahindi leo", aghalabu utaletewa bei za Tanzania. Shilingi moja ya Kenya ni kama shilingi 20 za Tanzania, kwa hiyo kosa la shilingi utaliona upesi. Kosa la kipimo ndilo linalopita kimya. Kwetu gunia la mahindi huhesabiwa kilo 90. Katika taarifa za bei za Tanzania aghalabu huhesabiwa kilo 100.

Tufanye hesabu. Ikiwa kilo ni shilingi 40, gunia la kilo 90 ni shilingi 3,600, na gunia la kilo 100 ni shilingi 4,000. Mkulima mwenye magunia 10 akichanganya vipimo hivyo, amekosea shilingi 4,000. Unaweza kumfukuza mnunuzi mwema bure, ama ukamjazia mnunuzi mjanja kilo 100 kwa bei ya 90.

Mlango wa bei ni KAMIS, ambayo ni daftari la bei la Wizara ya Kilimo katika intaneti. Huonyesha soko, tarehe na bei ya kilo. Tazama tarehe kwanza. Kisha mpigie simu mtu unayemjua aliyeko Isebania au Kehancha siku hiyohiyo. Hakuna mtambo unaoshinda mtu mwaminifu aliyesimama sokoni.

5. KUONA KAZI KWA MACHO

Kuna mambo ambayo maneno hayatoshi: kupogoa kahawa, kutengeneza silaji, kuchanganya chakula cha kuku. Kwa haya tafuta moja kwa moja ndani ya YouTube, ambayo nayo ina mtambo wake. Kipindi cha Shamba Shape Up, kilichoanza mwaka 2012, kimetengenezwa kwa Kiswahili pia. Kadhalika tovuti ya Access Agriculture ina filamu za kilimo katika lugha nyingi, Kiswahili ikiwamo.

Angalia sana: filamu hula bando upesi kuliko maandishi. Kama bando ni dogo, tazamaneni watu watano katika simu moja, mchange.

6. ZAO JIPYA NA BIASHARA

Wengi wenu mmechoka na tumbaku, mnatafuta zao lingine. Hapa ndipo wauzaji wanapowangojea. Ukiandika "zao lenye faida kubwa", kurasa za juu aghalabu ni za watu wanaouza miche au mayai au vifaranga. Ukiona neno "Sponsored" juu ya jibu, maana yake ni kwamba mwenye ukurasa amelipa fedha ili atangulie. Ni sawa na mchuuzi aliyekodi kibanda mlangoni mwa soko. Huenda bidhaa yake ni nzuri, lakini hakuwekwa pale kwa ubora wake.

Kumbukeni kware. Mwaka 2013 na 2014 Kenya nzima ilisema juu ya mayai ya kware. Aliyetafuta habari zake alikuta sifa tupu, kwa maana waliokuwa wakiandika ndio waliokuwa wakiuza. Bei ilipoanguka, wengi walibaki na ndege wasio na mnunuzi. Basi ukitafuta zao, andika pia maneno ya upande wa pili: hasara, soko, magonjwa, malalamiko. Kisha soma ya KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo. Kwa wanaotoka katika tumbaku, tafuta habari za mradi wa mashamba yasiyo na tumbaku wa WHO, FAO na WFP pamoja na serikali, ulioanza Migori mwaka 2022 kwa maharagwe yenye madini mengi ya chuma.

7. ARDHI

Nasema hili kwa herufi nzito, kwa kuwa ninyi ni watu wa skimu. Hakuna mtambo wa intaneti utakaokuambia ni nani mwenye shamba. Picha ya hati iliyotumwa kwa simu si hati. Kabla hujanunua au kukopesha fedha juu ya shamba, fanya ukaguzi rasmi katika daftari la msajili wa ardhi, jambo ambalo wengi huliita "sachi". Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inaruhusu jambo hili. Humo utaona jina la mwenyewe, na kama kuna deni au zuio lolote. Mashamba ya skimu yaweza kuwa na deni la mfuko wa makazi ambalo halijaisha, na hilo huwezi kuliona kwa kutazama mahindi yaliyositawi.

NAMNA YA KUULIZA

Karani mzuri hushindwa akiulizwa vibaya. Shika kanuni hizi.

Kwanza, taja zao, mahali na msimu. "Mahindi Kuria mvua fupi mbegu ya miezi mitatu hadi minne" ni swali. "Mbegu bora" si swali.

Pili, uliza mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kurasa za Kiswahili ni chache kuliko za Kiingereza, na nyingi ni za Tanzania. Ni kurasa nzuri, wala siwakatazi kuzisoma. Lakini jueni ziliandikiwa nani. Majina nayo hutofautiana. Gugu ambalo Waluo huliita kayongo, wenzetu wa Tanzania huliita kiduha, na wataalamu huliita Striga. Ukikosa kwa jina moja, jaribu lingine.

Tatu, ukitaka maneno yakae pamoja kama ulivyoyaandika, yafunge kwa alama za kunukuu.

Nne, ukitaka kurasa za mahali pamoja tu, andika site: kisha anwani bila kuacha nafasi. Kwa mfano, mahindi site:kalro.org huleta kurasa za KALRO peke yake. Ukiandika site:go.ke, utapata za serikali ya Kenya. Za serikali ya Tanzania huishia na go.tz. Herufi hizo mbili za mwisho ni kama jiwe la mpaka: zitazame kila mara ujue umesimama upande gani.

MANENO MATATU YA KUKARIRI

Kabla ya kufuata shauri lolote la simu, uliza: NANI? WAPI? LINI?

Nani ameandika, naye anauza nini? Ameandika kwa ajili ya watu wa wapi? Aliandika lini? Ukurasa usiojibu maswali hayo matatu ni mgeni aliyekuja usiku akakataa kutaja jina lake. Mpe kiti, lakini usimpe ufunguo wa ghala.

JUU YA AKILI UNDE

Siku hizi mitambo mingine haileti kurasa tu. Huandika jibu yenyewe. Wengine huiita akili unde, na wengine husema akili mnemba. ChatGPT ilitolewa kwa watu mwaka 2022, na tangu mwaka 2024 Google huweka jibu la namna hiyo juu ya kurasa zake. Ni msaada mzuri wa kufasiri Kiingereza, kuandika barua, au kueleza neno gumu. Lakini hukosea kwa sauti ileile ya uhakika inayotumia inapopatia. Usichukue kwake kipimo cha dawa, wala nambari ya sheria, wala bei. Mwulize akuonyeshe ukurasa alikotoa neno hilo, ukaufungue na kuusoma mwenyewe.

KAMA HUNA SIMU KUBWA

Usidhani somo hili si lako. Nambari 1393 ya mbegu hutumika kwa kabambe yoyote. Redio hutoa utabiri wa mvua. Hati za ardhi zimo katika ofisi, si katika simu. Kadhalika kikundi kinaweza kumchagua kijana mmoja awe mtafutaji wa kikundi: maswali yaandikwe katika daftari wakati wa mkutano, naye ayajibu mkutano unaofuata, akitaja nani, wapi na lini.

SAA ZA KUTOTAFUTA

Kuna saa ambazo kutafuta ni kupoteza. Mtoto akinywa dawa ya wadudu, usifungue simu kutafuta maziwa au mafuta ya kumtapisha. Mkimbize hospitali, na uchukue chupa ile pamoja na karatasi yake, daktari aione. Ng'ombe akianguka ghafula, mwite daktari wa mifugo. Na ukipigiwa simu na mtu asemaye fedha zako za mkopo ziko tayari, usimtumie kitu ili uzipate. Nenda ofisini kwa miguu yako.

MWISHO

Yule mzee hakurudishiwa msimu wake. Mabua ya ekari 2 aliyakata, akawapa ng'ombe. Lakini mwezi wa Februari alirudi na binti yake, nao walikuwa wameandika katika daftari la shule aina 3 za mbegu, mwinuko wa kila moja na miezi yake, na pembeni maneno haya: nani, wapi, lini. Tulizipitia pamoja na afisa wa kilimo wa wadi, akaondoa moja, zikabaki mbili. Deni la mbolea bado analilipa.

Basi, ndugu mkulima, simu ni jembe kama majembe mengine. Jembe halijui mpaka wa shamba. Anayejua ni mlimaji.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini si sawa kusema "Google imesema"?
2. Mkulima wa Ntimaru ameona bei ya gunia katika ukurasa wa Kiswahili. Ataje mambo 3 ya kuangalia kabla ya kuamini.
3. Umenunua pakiti ya mbegu. Utajuaje kuwa imethibitishwa?
4. Jirani anataka kukuuzia ekari moja, na amekutumia picha ya hati. Utafanya nini kwanza?
5. Andika tena swali hili liwe zuri: "dawa ya mahindi".

Atakayeshindwa na swali lolote afike katika ofisi ya kilimo ya wadi yake. Aje na simu, au aje mikono mitupu, atasaidiwa.